Kabla ya tyubu, uliza anakolala na anachoshika

Ingia duka la dawa muhimu katika mji wowote mdogo nchini Tanzania, Same ikiwemo, useme unawashwa. Yawezekana kabisa ukatoka na tyubu moja yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Muuzaji ana hoja yake, kwamba katika tatu hizo haitakosekana ya kufaa. Mteja naye huridhika, kwani steroidi hutuliza mwasho kwa siku mbili tatu.

Balaa huja baadaye. Kama ni fangasi, steroidi hufifisha wekundu huku ikidhoofisha kinga ya ngozi, na mashilingi yaliyokuwa duara dogo hutambaa mpaka umbo lake lisitambulike tena. Kama ni upele, vijidudu huendelea kuchimba na kutaga mayai. Na kama ni mzio wa kitu anachokishika kazini kila siku, tyubu ikiisha ugonjwa hurudi, na mteja hurudi dukani.

Watani wa Wapare, wenyeji wa Same, husema Mpare yu radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwenye kesi ya ngozi, hata Mpare hukubali hukumu bila ushahidi. Na ushahidi katika wilaya hii hauko kwenye kipele peke yake. Uko pia kwenye mwinuko wa kijiji, kazi ya mgonjwa na kitanda anacholalia.

Milimani na tambarare

Same mjini hapafiki mita 900 juu ya usawa wa bahari. Milima huizuilia mvua, hewa ni kavu na vumbi halikosekani. Lakini kilele cha Shengena, ndani ya msitu wa Chome, kinakaribia mita 2,460, na kwenye vijiji vya juu ukungu na baridi ni mambo ya kawaida. Ngozi ya mtu mmoja inaweza kusumbuka kote kuwili kwa sababu tofauti.

Mfano mzuri ni pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Mara nyingi huanza utotoni, kwenye familia zenye historia ya pumu ya kifua au mafua ya mzio. Ngozi ya mtoto huyo haishiki maji vizuri, hivyo vichokozi hupenya kwa urahisi. Tambarare, ukavu wa hewa humzidishia mipasuko. Milimani, Juni hadi Agosti, huvishwa sweta la sufu, huogeshwa maji ya moto na hulala kwenye godoro lenye unyevu, mahali ambapo vijidudu vya vumbi la nyumbani hustawi.

Matibabu huanza kabla ya dawa: maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni isiyo kali, nguo ya pamba ndani ya sweta, na mafuta mazito yasiyo na manukato, yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Steroidi ina kazi yake hapa, ila kwa nguvu na muda uliopimwa. Inayofaa kiganja chenye sugu haifai shavu la mtoto. Vidonge vya mzio vinaweza kumsaidia mgonjwa apate usingizi, lakini haviponyi ngozi iliyokauka.

Mkonge, jasi na saruji

Shuka sasa Makanya, kwenye mashamba ya mkonge. Utomvu wa jani bichi una vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti, pamoja na kemikali kama za sabuni. Vijisindano huchoma, kemikali huunguza. Mkata mkonge anayepata vipele mikononi na mapajani si lazima awe na mzio, kwa sababu utomvu huo unaweza kumchubua yeyote aliyeguswa nao vya kutosha. Kinga yake ni glavu, mikono mirefu, aproni na maji ya kunawa karibu na korona, kiwanda cha kukamulia mkonge.

Mzio ni jambo jingine. Huchagua mtu. Mwili hukutana na kitu mara ya kwanza bila ishara, hukikariri, kisha siku moja hukikataa, na tangu hapo hata chembe huamsha vita. Hilo huwapata sana mafundi ujenzi. Makanya huchimbwa jasi, ambayo huchanganywa kwa kiasi kidogo kwenye saruji ili isigande upesi mno. Jasi yenyewe hukausha ngozi tu. Mkorofi mkuu ni kromiamu iliyomo ndani ya saruji, inayoyeyuka saruji ikishalowa. Fundi anaweza kufanya kazi miaka kumi salama, kisha mikono yake ikaanza kupasuka na kutoa majimaji, ikapoa akienda likizo na kurudia akirejea kazini.

Kupoa huko wakati wa likizo ni ushahidi mzito kuliko rangi ya kipele, lakini hautajwi dukani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Denmark ilianza mapema miaka ya 1980 kuongeza chumvi ya chuma kwenye saruji ili kuizima kromiamu hiyo, na mzio wa saruji kwa mafundi wake ukapungua. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa sehemu 2 za kromiamu hiyo kwa kila milioni.

Bwenini

Ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi hasara ya kutibu ngozi bila kuuliza ni upele. Husababishwa na kijidudu kisichoonekana vizuri kwa macho, kinachochimba njia kwenye ngozi laini: kati ya vidole, viwikoni, kiunoni, sehemu za siri. Mwasho mkali wa usiku unatokana hasa na mzio wa mwili dhidi ya kijidudu hicho, mayai yake na kinyesi chake. Ndiyo maana aliyeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna, huku akiwaambukiza wenzake. Na ndiyo maana mwasho huweza kuendelea wiki kadhaa hata baada ya vijidudu kufa.

Hesabu hiyo inaeleza kinachotokea kwenye shule za bweni. Mwanafunzi mmoja huja na upele muhula ukianza, na katikati ya muhula bweni zima linajikuna. Anayejikuna zaidi hupewa chupa ya losheni ya benzili benzoeti, hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, hupona, kisha hurudi kulala na wenzake ambao hawakutibiwa. Siku chache baadaye anajikuna tena, na watu husema dawa siku hizi ni feki.

Mara nyingi dawa ni nzima, kilichokosewa ni mpango. Wanaolala pamoja hutibiwa usiku mmoja, wenye dalili na wasio nazo, na dawa hurudiwa kama ilivyoelekezwa. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Yasiyofulika hufungwa kwenye mfuko walau siku tatu, maana kijidudu hakidumu mbali na mwili.

Wa kumwona

Wilaya ina jirani mwenye ujuzi. Kiasi cha kilomita 100 kutoka Same, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa 1992. Kwa miaka miwili huwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, ambao kisha hurudi kuhudumia wilaya ambazo hazina daktari bingwa wa ngozi. Hapo KCMC hutengenezwa pia mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino.

Zipo dalili zisizosubiri duka. Baka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure. Ngozi inayobabuka pamoja na vidonda mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa, hasa zenye salfa, ni dharura: acha dawa hiyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Azimio hilo Same inaweza kulianzia mabwenini, na mfano upo. Huko Fiji, matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa jamii nzima ilipopewa ivermectin, dawa ambayo hapa nchini hugawiwa kwa ajili ya usubi na matende, upele ulishuka kutoka watu 32 kwa kila 100 hadi 2 ndani ya mwaka mmoja. Walikotibiwa wagonjwa na waliokaribiana nao tu, ulipungua kwa takribani nusu.

Si lazima halmashauri ingoje mradi mkubwa. Inatosha tabibu afike bwenini wiki ya kwanza ya muhula, akague vidole, na akiona upele awatibu wote usiku huohuo. Chupa zitakazotumika siku hiyo ni nyingi kuliko za mgonjwa mmoja, lakini ni chache kuliko zitakazonunuliwa mmoja mmoja hadi muhula uishe.