Picha ya Mtoko

Jijini Dar es Salaam mtoko wa Jumapili huanza Ijumaa usiku, kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja anauliza, "Wiki hii tunakula bata wapi?" Yanatajwa majina yale yale: Coco Beach kwa kuwa hakuna kiingilio, Kigamboni kwa wanaopenda kupanda pantoni, Mbudya endapo michango itaruhusu, maana kule lazima mkodi boti Kunduchi. Anateuliwa wa kushika hela. Halafu linakuja swali ambalo wazazi wetu hawakuwahi kuulizana: "Tunavaa rangi gani?" Nauli haijatimia, lakini picha imeshapangiwa nafasi yake.

Kila kundi lina mpiga picha wake, naye hachaguliwi kwa kipaji, huchaguliwa kwa simu. Mwenye kamera nzuri ndiye mtumishi wa umma siku hiyo. Atapiga magoti mchangani, atarudi kinyumenyume mpaka maji yamfike vifundoni, ataambiwa "rudia, nimefumba macho" na mtu ambaye hata shukrani hatoi. Kama ana akili, atajifunza kazi humo humo. Atagundua kwamba jua la saa saba huwachimbia watu mashimo chini ya macho. Atagundua kwamba ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya maji yanayong'aa, kamera huhangaika na mwanga wa maji, mtu anatoka kama kivuli. Dawa yake ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla hujabonyeza. Transsion, kampuni ya China, iliishtukia shida hii mapema, ikazinadi barani Afrika simu zake za Tecno kwa kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya nyuso za rangi yetu. Wala haishangazi kwamba Kariakoo zimejaa.

Atajifunza na jiografia. Coco Beach inatazama mashariki, hivyo anayesubiri jua lizame baharini atakesha hapo mpaka alione likichomoza. Jua linazama nyuma yako, upande wa nyumba za Oysterbay, na kuanzia saa kumi na moja mwanga wake unawaangukia usoni waliosimama wakaipa bahari kisogo. Hiyo ndiyo saa ya kupiga picha Coco. Anayetaka jua na jahazi kwenye fremu moja avuke aende Forodhani, Unguja, kunakotazama magharibi. Kule atawakuta pia vijana wa makachu wanaojirusha baharini kutoka ukutani, na wanajua fika kamera ziko upande gani.

Kinachopata taabu ni chakula. Muhogo wa kukaanga unaletwa, umepasuliwa, umewekewa kachumbari na pilipili, moshi bado unatoka. Mkono wa kwanza kuufuata unazuiwa: "Subiri kwanza!" Sahani inageuzwa. Dafu linasogezwa karibu. Chupa ya maji inaondolewa kwa kuwa inaharibu, na dada mwenye kucha zilizopakwa rangi anaombwa ashike mshikaki, si wa kula, wa kushika tu. Mchomaji keshawazoea, akiona simu imeinuliwa anamimina ukwaju polepole kuliko kawaida. Mimi huwa nakula. Muhogo ukipoa unakuwa mgumu, na hakuna filta ya kuulainisha.

Watu wazima hulalamika kwamba vijana wa siku hizi wanatoka ili waonekane. Ningekubaliana nao kama nisingeziona albamu zao. Zamani si nyingi, mgeni aliyefika kwenye nyumba nyingi za mjini alipewa soda na albamu, ajishughulishe wakati wali unaiva. Humo, chini ya nailoni, walikuwemo hao hao wazee enzi za bugaluu, wameegemea gari lisilo lao, Pasaka au Idi, miwani usoni. Mkanda mrefu ulikuwa wa picha 36, na kuusafisha kulikuwa na gharama zake, kwa hiyo mitoko ya mwaka mzima iliweza kukaa kwenye mkanda mmoja. Nyuma ya picha waliandika "Ukumbusho" na tarehe, wakampa rafiki. Asiyekuwa na kamera alikwenda studio: Unguja kwa akina Oza wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930, na Mombasa, miaka ya 1990, kwenye vibanda vya wapiga picha wa Likoni karibu na kivuko. Hao wa Likoni walikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba ya ghorofa. Kibarua aliyetoka bara alisimama mbele ya ndege ya rangi, akaituma picha kijijini. Walengwa walikuwa wale wale wa leo: watu ambao hawakuwepo.

Kilichobadilika ni kwamba mgeni hahitaji tena kuja nyumbani. Status inakaa saa 24 na inamfikia kila mliyehifadhiana namba: shangazi, fundi, bosi, mpenzi wa zamani. Ndiyo maana safari ya kurudi imekuwa na kikao chake. Ndani ya daladala simu inazungushwa, kila mmoja anatoa hukumu. Hii futa. Hii nirushie. Huyu aliyevua mtandio kwa sababu ya upepo asitupiwe popote, na hapo hakuna anayebisha. Wale wawili waliokaa karibu mno wakatwe, maana nyumbani kwao hawajaelezwa. Aliyemwambia bosi kwamba anaumwa anasisitiza abaki kwenye zile za mgongo. Sheria hizi hazikuandikwa popote, lakini anayezivunja hupelekwa kwenye grupu jipya lisilo na safari.

Wagumu kuwaridhisha ni wasioalikwa. Zamani mliweza kwenda Bagamoyo watano, wa sita asijue mpaka albamu ifike mikononi mwake baada ya miezi. Siku hizi saa mbili usiku ameshaona, na kesho salamu zake ni fupi.

Ila hakuna anayeiogopa picha kama mdaiwa. Namfahamu kijana mmoja aliyekopa kwenye kikoba cha mtaani ili anunue cherehani. Jumapili moja alipendeza kupita wote, akapiga pozi huku Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, likionekana vizuri nyuma yake. Alikuwa mwangalifu: kwenye mipangilio ya status alishamficha mama mwenyekiti wa kikoba. Alichosahau ni kwamba rafiki aliyempiga picha naye ni mwanachama, na yeye hakumficha mtu. Usiku ule ule ujumbe ukaingia: "Mashallah mwanangu, umependeza. Hiyo shati hata sijawahi kukuona nayo. Marejesho lini?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Shikamoo mama. Picha ya zamani hiyo."