Kipindi cha 14: Dawa za Ugonjwa wa Huzuni, Usiziache Njiani

Punguza moto jikoni, vuta kiti, na kama jirani yuko karibu mwite msikilize pamoja.

Leo tunazungumza juu ya tembe zinazotolewa hospitalini kwa mtu mwenye ugonjwa wa huzuni, ule ambao siku hizi wengi huuita dipresheni. Tutagusia pia ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka. Mbona tuzungumzie tembe? Kwa sababu watu wengi huanza kuzimeza kisha wakaziacha kabla hazijawafaa. Wengine huziacha wiki ya pili, wengine mwezi wa tatu. Kila wakati una sababu yake, na leo nataka tuzifahamu zote mbili.

HUZUNI YA KAWAIDA NA UGONJWA WA HUZUNI

Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa, utalia. Mama aliyejifungua anaweza kulialia siku chache za kwanza bila kujua analilia nini, na hali hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Hiyo haihitaji tembe. Inahitaji uji, usingizi na mtu wa kumshikia mtoto.

Ugonjwa wa huzuni ni tofauti. Unakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Mama hafurahii tena mambo aliyoyapenda. Usingizi unapotea hata mtoto akilala, au analala kutwa nzima. Chakula hakipiti. Mwili umechoka kabla ya kazi kuanza. Anajiona hafai, anajiona mzigo, na pengine anafikiri afadhali afe. Mtu kama huyo si mvivu, hajalogwa, na imani yake haijapungua. Ni mgonjwa, kama vile mwenye malaria alivyo mgonjwa.

Si kila mwenye ugonjwa huu hupewa dawa. Ukiwa mwepesi, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, pamoja na msaada wa jamaa, huweza kutosha. Ukiwa wa wastani au mkali, daktari au afisa wa kliniki anaweza kuongeza tembe juu ya mazungumzo hayo.

TEMBE HIZI SI KAMA ZA KUMWA KICHWA

Ukimeza dawa ya kuumwa kichwa, baada ya saa moja unatarajia nafuu. Tembe za huzuni haziendi hivyo. Ndani ya ubongo kuna kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mojawapo huitwa serotonini. Dawa huanza kugusa kemikali hizi mapema, lakini ubongo wenyewe huchukua muda kujirekebisha. Ni kama kupanda maharagwe. Leo umefukia mbegu, kesho shamba bado ni udongo mtupu, lakini chini kuna kazi inaendelea.

Nafuu ya kwanza huonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Nafuu kamili yaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula hurudi kwanza, kisha nguvu, na furaha huja mwisho.

Katika hospitali zetu utakutana sana na dawa mbili. Ya kwanza ni fluoksetini. Mtu mzima mara nyingi huanzishwa miligramu 20, mara moja kwa siku, asubuhi. Ya pili ni amitriptilini, ambayo humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi, na kipimo chake hupandishwa pole pole. Ipo pia setralini. Mwombe muuguzi akuonyeshe jina lilivyoandikwa kwenye pakiti, ili siku nyingine ulitambue.

WIKI YA PILI: TAABU IMEFIKA, NAFUU BADO

Huu ndio wakati wa kwanza wa hatari. Madhara madogo ya dawa hutangulia, na faida hufuata baadaye. Anayemeza fluoksetini anaweza kusikia kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi au kuwa na wasiwasi. Anayemeza amitriptilini hukaukwa na mdomo, hukosa choo, huona kizunguzungu akisimama ghafla, na huamka na usingizi machoni. Mama anajiambia, "Dawa hii inanimaliza, na huzuni iko pale pale." Anaitupa.

Usiitupe, mama. Mengi ya madhara hayo hupungua baada ya wiki moja au mbili. Meza fluoksetini baada ya chai ikiwa inakuchafua roho. Kunywa maji mara kwa mara, kula mboga na matunda, na inuka kitandani taratibu. Yakizidi, rudi kliniki kabla ya tarehe yako. Dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Uamuzi huo ufanyike pamoja na aliyekupa.

Lakini kuna dalili zisizosubiri. Katika wiki za kwanza, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kabla ya nafuu kuja. Mgonjwa akianza kuhangaika sana, akizungumzia kifo, au akianza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MWEZI WA TATU: "SASA NIMEPONA"

Wakati wa pili wa hatari huja kwa sura nzuri. Mama anacheka. Amerudi sokoni, amerudi kwenye chama chake. Anaangalia pakiti ya tembe na kuuliza, "Hizi ni za nini tena?" Pengine nauli ya kliniki imekuwa shida, au mama mkwe amesema mtu mzima hamezi dawa bila ugonjwa.

Mnaukumbuka ugonjwa wa kifua kikuu? Mgonjwa wa TB huacha kukohoa mapema, lakini tunamwambia amalize miezi yake 6, la sivyo ugonjwa utarudi. Dawa za huzuni nazo zina udugu na TB. Mwaka 1952 huko New York, wagonjwa wa TB waliokuwa wakijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa. Kutokana na jambo hilo madaktari walianza kutafuta dawa za huzuni. Na somo la TB linafaa hapa pia: kupata nafuu si kumaliza matibabu.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Ukiacha mapema, ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi. Na ukiacha kwa ghafla, unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira za haraka, au kusikia kama umeme unapita kichwani. Watu wakiona hivyo husema, "Unaona? Amekuwa mlevi wa tembe." La. Dawa hizi hazileti tamaa ya kuongeza kila siku kama changaa inavyofanya. Mwili ulikuwa umezizoea, ndiyo sababu hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Ukisahau siku moja, meza dozi inayofuata kwa wakati wake. Usimeze mbili pamoja kufidia. Kuteleza si kuanguka.

MAMA MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA

Mama anayegundua ana mimba huogopa na kuacha tembe zote siku hiyo. Hofu yake naielewa. Lakini ugonjwa wa huzuni usiotibiwa nao una madhara: mama hali vizuri, hahudhurii kliniki, na huenda akashindwa kumtunza mtoto atakapozaliwa. Kwa hiyo daktari hupima pande zote mbili. Mwambie mapema, hata kabla ya kushika mimba ikiwezekana, na mwonyeshe kijitabu chako cha mama na mtoto.

Anayenyonyesha pia asikate mtoto ziwa kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa kadhaa za huzuni hupita kidogo tu kwenye maziwa. Setralini ni mojawapo ya zinazopendelewa kwa mama anayenyonyesha. Mtoto akilala kupita kawaida, akishindwa kunyonya au akilia bila kutulia, mlete tumwangalie.

HISIA ZINAZOPANDA NA KUSHUKA

Kuna mtu ambaye huzuni yake ina upande wa pili. Miezi fulani yuko chini kabisa. Kisha anapanda: halali na hachoki, anaongea bila kituo, anatumia pesa za karo kununua vitu visivyohitajika, anasema yeye ni mkubwa kuliko wote. Hebu sikiliza hapa vizuri. Mtu huyu akipewa dawa ya huzuni peke yake, huweza kurushwa juu zaidi. Ndiyo maana daktari akikuuliza kama mgonjwa amewahi kuwa hivyo, eleza yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dawa zake ni za kutuliza mapigo hayo ya juu na chini. Lithiamu ni ya zamani. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika jinsi ilivyowasaidia wagonjwa wake. Ni dawa nzuri, lakini kipimo cha kusaidia na kipimo cha kudhuru viko karibu karibu, hivyo lazima damu ipimwe mara kwa mara. Mgonjwa anayeharisha, anayetapika au aliyekaukiwa na maji yuko hatarini. Asinunue dukani dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac bila kuuliza, kwa kuwa zinaweza kuongeza lithiamu mwilini. Akianza kutetemeka sana, kupepesuka au kuongea kwa kigugumizi kama mlevi, mpeleke hospitali mara moja.

Valproeti inahitaji neno la pekee kwa wanawake. Mama akiimeza wakati wa mimba, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, ikiwemo ya uti wa mgongo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida za ukuaji na kujifunza. Kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kuzaa asianzishwe dawa hii ikiwa nyingine ipo. Kama tayari unaimeza, usiiache ghafla. Nenda kliniki wiki hii ukaulize.

Na kabamazepini? Hiyo hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na ya kijiti cha mkononi. Mama anaweza kushika mimba akidhani amejikinga. Sindano ya miezi mitatu na koili ya shaba haziathiriwi nayo. Mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango kila dawa unayomeza.

WEWE UNAYEMTUNZA

Ndugu yangu, kazi yako si ya ulinzi, ni ya ukaribu. Mambo haya matano yatamsaidia:

Kwanza, weka wakati mmoja wa dawa, kama vile chai ya asubuhi au baada ya chakula cha jioni.

Pili, funga dawa mahali ambapo watoto hawafiki. Amitriptilini ikimezwa nyingi hudhuru moyo na huua. Kama mgonjwa ana mawazo ya kujiua, kaa nazo wewe, na uombe kliniki ikupe za siku chache chache.

Tatu, mwepushe na pombe. Pombe huzidisha huzuni, na pamoja na amitriptilini huleta usingizi wa hatari. Miraa na muguka nazo hufukuza usingizi anaouhitaji.

Nne, usimgawie mtu mwingine tembe hizo hata kama dalili zinafanana.

Tano, hesabu tembe zilizobaki. Zikibaki za wiki moja, anza kupanga safari ya kliniki. Dawa ikikosekana katika kituo chenu, uliza siku hiyo hiyo ni wapi inapatikana.

Wengine huogopa kumpeleka hospitali mtu aliyejaribu kujiua, kwa kufikiri atashtakiwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mpeleke akatibiwe. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya simu 1199, na hupigwa bila malipo.

YA KUKUMBUKA

Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo vumilia wiki za mwanzo. Ukijisikia vizuri, endelea miezi 9 hadi 12 zaidi. Usiache ghafla. Ukiwa na mimba au ukipanga uzazi, taja dawa zako zote.

Leo kabla ya kulala, toa pakiti uliyo nayo nyumbani. Soma jina la dawa, hesabu tembe zilizobaki, na uangalie tarehe ya kurudi kliniki. Kama tarehe ilipita, usione haya. Njoo kesho, tutakupokea.

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Hadi kipindi kijacho, kwaheri ya kuonana.