Nyama mbichi ya mbwa: nafuu buchani, gharama nyumbani

Tangu miaka ya 1860, James Spratt alipouza biskuti za mbwa London, chakula cha mbwa kimekuwa bidhaa ya kiwandani. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kilichowarudisha wafugaji buchani: mifupa mibichi yenye nyama, maini na mboga za kusaga.

Kwa mnunuzi hesabu ni nyepesi, kwani shingo za kuku na matumbo huuzwa chini ya steki. Lakini nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Mbwa mchanga anayelishwa hiyo peke yake hudhoofika mifupa, na bili ya daktari humeza akiba yote.

Hatari kubwa iko jikoni. Kati ya 2010 na 2012 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha mbwa na paka: 15 zilikutwa na Salmonella, 32 Listeria. Wauzaji hupenda kutaja friza, ambayo hulaza bakteria bila kuwamaliza. Mwenye watoto wadogo ni afadhali apike, kalsiamu aongeze kwa kipimo cha daktari.