Fahamu: Jinsi Baltimore Orioles inavyojenga kikosi nje ya msimu

Baltimore Orioles, klabu ya besiboli ya Marekani, ilipoteza mechi 110 mwaka 2021. Miaka miwili baadaye ilishinda 101. Msingi wa mageuzi hayo ni ligi za chini. Kila klabu ya Ligi Kuu ina angalau timu nne za kukuza vipaji katika madaraja tofauti, na kwa Orioles ya juu kabisa ni Norfolk Tides. Wachezaji Adley Rutschman na Gunnar Henderson, waliochaguliwa na klabu hiyo 2019, walipitia humo.

Msimu ukiisha, klabu huteua wachezaji wasiozidi 40 wa kulindwa. Chipukizi aliyemaliza misimu minne au mitano ligi za chini bila kuingizwa kwenye orodha hiyo anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine mwezi Desemba kwa dola 100,000.

Vipaji pia ni mtaji wa kubadilishana wachezaji. Februari 2024 Orioles iliwatoa DL Hall na Joey Ortiz kwa Milwaukee Brewers, ikampata mrushaji Corbin Burnes. Aliichezea msimu mmoja, mkataba ukaisha, akahamia Arizona Diamondbacks.