Fizi: Mawese ya Ubwari yanavuka ziwa, karatasi zake bado ziko mbali

Kwenye fukwe za Ubwari, ile rasi ndefu inayoingia ziwani mbele ya Baraka, safari ya bidoni la mawese huanza kabla ya jua kutoka. Linapandishwa kwenye mtumbwi wa motere pamoja na magunia ya muhogo mkavu na ndagala, kisha linaelekea Baraka au Uvira. Kutoka Uvira, sehemu ya mafuta hayo inaingia Burundi. Kwa mchuuzi hiyo ni biashara ile ile aliyoikuta kwa wazazi wake. Kwa sheria ya Kongo, bidoni likishavuka mpaka, mwenyewe amekuwa muuzaji wa nje, na hapo mambo yanabadilika.

Muuzaji wa nje anadaiwa RCCM, kitambulisho cha kitaifa cha biashara, namba ya kodi na namba ya import-export. Kuna pia leseni ya EB, ambayo inapitia benki. OCC inapima ubora na uzito wa mzigo. Kwa nafaka na maharage, SQAV, yaani huduma ya karantini ya mimea na wanyama, inatoa cheti kwamba hayana wadudu wala magonjwa. Kila karatasi ina sababu yake, na nchi inayonunua ina haki ya kuiuliza. Lakini utaratibu huu ulifikiriwa kwa makampuni ya kahawa, chai na kinkina, yenye ofisi, karani na akaunti ya benki. Mama mwenye bidoni kumi hawezi kubeba mzigo huo wa karatasi, na faida yote ya safari yake isingetosha kuzilipia.

Wakulima wa kahawa wa Kivu waliyaona hayo zamani. OCC iliundwa mwaka 1974, na ofisi ya kahawa, ONC, nayo ilizaliwa katika miaka ile ile ya 1970, wakati serikali ilitaka kila gunia lipite mkononi mwake. Baadaye takse zikawa nyingi, barabara zikaharibika, vita vikaja, na kahawa ikaanza kuvuka Ziwa Kivu usiku kwenda Rwanda. Wanaume wengi wa Kalehe na Idjwi walizama na magunia yao. Kahawa yao iliuzwa duniani kwa jina la nchi nyingine. Ushirika kama SOPACDI, ulioanza Minova mwaka 2003, ulionyesha kwamba wakulima wadogo wakijiunga wanaweza kuuza nje kwa jina la Kongo, lakini nyuma yao walikuwa na wanunuzi wa Ulaya wenye subira. Bidoni la Ubwari halina mnunuzi wa namna hiyo.

Kinshasa haikukaa kimya. Tarehe 28 Machi 2002 ilitoka dekreti namba 036/2002 inayotaja huduma nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mpakani: duane, ambayo leo ni DGDA, pamoja na OCC, DGM na usafi wa mipaka. Nne tu! Mchuuzi yeyote aliyepita Kavimvira au kwenye bandari ya Kalundu anajua kuhesabu zaidi ya hapo. Mwaka 2015 ikaja dekreti ya guichet unique, ili karatasi zote za biashara ya nje zipitie mahali pamoja kwa kompyuta. ONC nayo ikageuzwa kuwa ONAPAC, ofisi isiyoangalia kahawa peke yake.

Mageuzi hayo ni mazuri kwa mtu aliye Matadi au Kasumbalesa, mwenye kontena, umeme na intaneti. Upande wa Ubwari, kompyuta haipunguzi chochote kama jeto za karatasi zinaendelea kukatwa kwenye kila gati. Anayelipa mara tatu kwa mkono hatalipa mara ya nne kwenye mashine.

Kuna njia nyingine inayomfaa zaidi mchuuzi mdogo, nayo haizungumzwi sana. COMESA ina mfumo wa biashara rahisi, unaojulikana mipakani kama RECOS: kwa mzigo wa thamani ndogo, ikiwa bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa, fomu fupi na cheti rahisi cha uasili vinatosha, bila ushuru wa forodha. Kongo na Burundi zote ni wanachama. Wachuuzi wa mipaka ya Goma na Bukavu wamekuwa wakiusikia kwa miaka.

Ila Ubwari inatazama pia Kigoma, na hapo hesabu inakataa. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Mtumbwi unaokwenda Kigoma hauwezi kutumia karatasi hiyo, hata kama mzigo ni ule ule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti chake rahisi, na Kongo ilitia sahihi kuingia tarehe 8 Aprili 2022, lakini kazi ya kulinganisha forodha yake na ya jumuiya haijaisha. Wakati huo huo Tanzania imekaza upande wake: sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka moja, TPHPA, ya kukagua mimea na mazao yanayoingia na kutoka. Gunia la maharage kutoka Fizi lisilo na cheti cha SQAV linaweza kurudishwa, au likapita kwa mlango wa nyuma kwa bei ya mnunuzi.

Vita vimeongeza umbali. Bukavu ilipochukuliwa na AFC/M23 Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na Desemba mwaka huo vita vikafika Uvira yenyewe. Katika hali hiyo ni vigumu kumwambia mchuuzi afuate muhuri.

Hata hivyo, mambo mawili hayasubiri amani yote: orodha ya malipo halali ibandikwe kwenye gati la Baraka, kwa Kiswahili na kwa franka, na fomu ya RECOS ijazwe hapo hapo kabla ya mzigo kuondoka. Leo anayeitaka anaifuata mpakani, baada ya kilomita kama 90 za RN5 kati ya Baraka na Uvira, barabara inayokatika mvua ikinyesha. Akichelewa siku mbili, bei ya mawese aliyoambiwa kwenye simu imeshabadilika.