Kipawa Kisichoonekana Katika Ripoti ya Shule



Hivi karibuni tulipanda treni Mombasa, tukateremka Syokimau na kufikia kwa jamaa zetu. Usiku mama wa nyumba alitushtakia habari za bintiye wa gredi ya 9: insha zake dhaifu, na mwalimu amekwisha kumwita mzito. Basi mama ameazimia kumzuia asichague mkondo wa sayansi katika sekondari ya juu. Lakini tulipouliza njia ya msikitini, binti huyo huyo alitwaa kalamu akatuchorea kila kona, kama aitazamaye mitaa kutoka juu. Alfajiri tuliifuata karatasi ile, wala hatukupotea.

Huo ni uwezo wa kuona maumbo akilini, na wataalamu huupima kwa michoro. Mtoto huonyeshwa mchemraba, akaambiwa augeuze kichwani. Au karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, aseme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa.

Mtihani wa maneno huweza kuwakosa wenye kipawa hiki. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Marekani alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi mno. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, wakaachwa. Baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, 1956 na 1968.

Hata hivyo, michoro nayo si mizani kamili. Mwaka 1971, Robert na Ruth Munroe walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa Wamaragoli, magharibi ya Kenya: wavulana walikuwa wakienda mbali zaidi na nyumbani, nao waliwashinda wasichana katika majaribio ya maumbo. Basi huenda tunapima fursa tukidhani tunapima akili.

Hatusemi mabinti waachwe wazurure. Sitara ni sitara. Lakini kusuka ukili, kudarizi kofia, kuchora hina, na kutumwa dukani kwa njia mpya, yote ni mazoezi ya jicho la ndani. Mafundi wa majahazi wa Lamu wameunda vyombo kwa jicho hilo, bila ramani ya karatasi.

Mama mpendwa, akili ya mwanao ni amana. Kabla ya kumchagulia mkondo, tazama pia mikono yake.

Tulipoaga, tuliiona karatasi ile imehifadhiwa pamoja na ripoti ya shule.

Wabillahi tawfiq.