Baada ya Nyongeza ya Mshahara

Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Ilikuwa habari njema, maana kodi ya nyumba na nauli havisubiri. Lakini je, nyongeza humfanya mtu aipende kazi yake?

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha utafiti wa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza lini walifurahia kazi mno, na lini waliichukia. Machungu yalitokana zaidi na taratibu za kampuni na usimamizi mbovu. Furaha ilitokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa, kuaminiwa. Kwa Herzberg, kumwondolea mtu kero hakumpi ari, humtuliza tu.

Mabosi wengi wameyapenda maneno hayo kwa sababu mbaya: wanapata pa kusemea kwamba pesa si kila kitu. Wahandisi wale hawakuwa na njaa. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara hahitaji semina ya motisha, anahitaji alipwe. Na akifuatilia barua ya kupandishwa daraja akaambiwa, "Faili lako halionekani, Mwalimu, pita Jumatatu", anaondoka na jeraha ambalo hata hizo hela zikija halitapona upesi.

Kutambuliwa nako tumekugeuza zamu. Kuna ofisi ambako mfanyakazi hodari mwaka huu hutoka uhasibu, mwakani masjala, ili pasiwe na manung'uniko. Mshindi anajua, wenzake wanajua, na cheti kinatundikwa hivyo hivyo.

Nendeni darasa la kwanza. Januari mtoto hajui hata kushika penseli. Novemba anasoma tangazo la ukutani kwa sauti, na mwalimu wake anajifanya hasikii huku anatabasamu. Ushindi kama huo ndio Herzberg aliousikia Pittsburgh. Ila sifa shuleni huenda kwa walimu wa darasa la saba, kwa kuwa mtihani wao ni wa taifa na matokeo hutangazwa. Aliyemfundisha mtoto kusoma, miaka sita nyuma, hata kwenye mahafali hatajwi.